Wasanii wa Kigoma na chama cha wafanyakazi: anzeni na anayewalipa

Swali la msomaji: "Sisi ni wapiga vyombo, waimbaji na wacheza shoo wapatao thelathini hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Tunapiga kwenye baa na hoteli, kwenye harusi, na mara chache kwenye shughuli za serikali. Malipo yanategemea mwenye ukumbi ameamkaje siku hiyo. Tunataka kuunda chama cha wafanyakazi, ila wengine wanatuambia msanii si mfanyakazi, aende Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Je, kuna mahali wasanii wamewahi kuwa na chama cha wafanyakazi kikafanya kazi? Na sisi tuanzie wapi?"

Ndugu msomaji, wapo, na wana zaidi ya miaka 130 katika jambo hilo. Swali lenu la pili, la pa kuanzia, linajibiwa vizuri na hiyo historia yenyewe. Kwa hiyo vumilieni kidogo tuipitie kabla ya kufika kwenye fomu na mihuri.

Mwaka 1893 mpiga klarineti mmoja wa Manchester, Uingereza, Joseph Williams, aliwakusanya wapiga muziki wa majumba ya maonyesho wakaunda chama. Mwaka 1921 chama hicho kiliungana na kingine na kuwa chama cha wanamuziki cha Uingereza ambacho kipo hadi leo. Wanachama wake wa mwanzo walikuwa na mwenye jumba anayefahamika, anayewalipa kwa wiki, na anayeweza kuwafukuza. Mwaka 1907 wenye kumbi za London waliongeza maonyesho ya mchana bila kuongeza malipo. Wapiga muziki, mafundi wa jukwaa na waimbaji wakaacha kazi kwa pamoja. Marie Lloyd, mwimbaji aliyekuwa akilipwa vizuri kuliko karibu wote, alisimama na wagomaji ingawa yeye mwenyewe hakuwa na shida ya fedha. Shauri lilipelekwa kwa msuluhishi, George Askwith, na wapiga muziki wakapata kima cha chini cha malipo na nyongeza kwa maonyesho ya ziada. Hapa Kigoma mnaye pengine mmoja au wawili ambao mwenye ukumbi hawezi kufungua mlango bila wao. Wakikaa nje ya chama kwa sababu wao wanalipwa vizuri, mtapata tabu sana.

Marekani waigizaji walichelewa. Chama chao cha jukwaani, Actors' Equity, kiliundwa Mei 1913 na watu 112. Madai yao yangeeleweka hata pale Mwanga: mazoezi yalikuwa bure, wiki nyingi tu mfululizo, mavazi walijinunulia, na promota akiona kiingilio hakitoshi aliwaacha njiani, mji wa mbali, bila nauli ya kurudi. Kwa miaka sita walijaribu kuzungumza na wenye majumba kama mabwana wanaoheshimiana. Hawakupata kitu cha maana. Julai 1919 wakajiunga na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na tarehe 7 Agosti wakagoma. Maonyesho 37 yalifungwa. Kilichowaokoa ni mafundi wa jukwaa na wapiga muziki, ambao nao waliweka vyombo chini. Mwenye jumba anaweza kumtafuta mwigizaji mwingine, lakini bila wa kuwasha taa na wa kupiga kinanda, hana onyesho. Baada ya takriban mwezi mmoja wenye majumba walisaini, na wanachama wakaongezeka kutoka kama 3,000 hadi kama 14,000. Wasichana wa kucheza na kuimba kwa kundi, waliokuwa wakidharauliwa kuliko wote, walipata chama chao humo humo katika mgomo huo.

Sura inayowahusu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya mwaka 1942. Chama cha wanamuziki cha Marekani, AFM, kilikuwa kimeundwa tangu 1896. Kufikia miaka ya 1940 baa nyingi zilikuwa zimeweka mashine ya kupiga sahani za santuri, na redio zilipiga sahani mahali pa bendi. Mwanamuziki alilipwa mara moja tu siku ya kurekodi, halafu sahani ile ile ikaenda kuchukua kazi yake. Mwaka mmoja ule ule alirekodi na akakosa pa kupiga. Kiongozi wa chama, James Petrillo, aliamuru kuanzia tarehe 1 Agosti 1942 mwanachama asirekodi kwa kampuni yoyote ya biashara. Kampuni ya Decca ilikubali mwaka 1943. Columbia na Victor zilishikilia hadi Novemba 1944. Makubaliano yalikuwa kwamba kampuni italipa kiasi kidogo kwa kila sahani inayouzwa, fedha zinaingia kwenye mfuko, na mfuko unawalipa wanamuziki kupiga muziki wa bure kwa umma mashuleni, hospitalini na viwanjani. Mfuko wa aina hiyo ungalipo hadi sasa.

Lakini ule mgomo ulikuwa na tundu kubwa. Chama kiliwahesabu wapiga vyombo kuwa wanamuziki, waimbaji kikawaacha nje. Kampuni zikawachukua waimbaji, zikawawekea kwaya nyuma badala ya bendi, zikaendelea kurekodi. Mgomo ulipokwisha, mwimbaji alikuwa ndiye nyota na bendi imegeuka kuwa ya kumsindikiza. Ninyi mmeandika "wapiga vyombo, waimbaji na wacheza shoo". Shikeni hivyo hivyo, na muwaongeze fundi mitambo na MC. Tena zungumzeni na ma-DJ mapema. Mwenye baa akigombana na bendi, cha kwanza anachofanya ni kumpigia simu DJ mwenye kompyuta na spika mbili.

Wachoraji na wachongaji historia yao ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi hawana mwajiri. Walipofanikiwa, mlipaji alikuwa serikali. Mexico mwaka 1922 wachora kuta, akiwemo Diego Rivera na David Alfaro Siqueiros, waliunda chama cha mafundi, wachoraji na wachongaji wakati wizara ya elimu inawalipa kuchora majengo ya umma. New York, katika miaka ya njaa baada ya 1929, wachoraji waliunda Artists' Union. Serikali ilipoanzisha mradi wa kuwalipa wasanii kwa wiki mwaka 1935, chama hicho ndicho kilichopigania mishahara isikatwe na watu wasipunguzwe, hata kwa kukalia ofisi za mradi. Mradi ulifungwa mwaka 1943 na chama nacho hakikubaki. Mlipaji alipoondoka hapakuwa na wa kukaa naye mezani. Wachoraji wa Kanada walijifunza: tangu 1968 chama chao, CARFAC, kinadai ada kwa kila kazi inayoonyeshwa kwenye jumba la umma, na mwaka 1988 haki ya kulipwa kwa maonyesho ikaingia katika sheria yao ya hakimiliki.

Sasa turudi nyumbani, maana kwetu kuna jambo la pekee ambalo vijana wengi hawalijui. Katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lililoundwa mwaka 1955, alikuwa Rashidi Kawawa, aliyesoma Tabora, na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameigiza katika filamu za Kiswahili. Kwa hiyo msanii alikuwepo juu kabisa ya harakati za wafanyakazi tangu siku za mwanzo. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, likaundwa kwa sheria shirika moja la wafanyakazi, NUTA. Mwaka huo huo NUTA ikaanzisha bendi yake, na wapigaji wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Ndiyo bendi iliyokuja kuitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo Msondo Ngoma, majina yakifuata mabadiliko ya shirika lenyewe. Polisi, jeshi, umoja wa vijana, shirika la mabasi la Dar es Salaam na mengine yakaiga.

Kabla ya hapo bendi za miji yetu ziliendeshwa kama klabu. Tabora peke yake ilikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Mshahara wa shirika ulikuwa hatua kubwa: mpiga gitaa aliweza kulipa kodi ya nyumba. Lakini vyombo vilikuwa vya shirika, jina la bendi la shirika, na mwanamuziki aliyetaka malipo bora alichoweza kufanya ni kuhama tu. Wafanyakazi walikuwa na bendi. Wanabendi kama wafanyakazi hawakuwa na chama chao cha kujadiliana na huyo mwajiri, kwa sababu mwajiri alikuwa ndiye chama. Ruzuku zilipokauka miaka ya 1980 na 1990, mishahara ikaenda nayo, na kazi ikarudi kwa wenye baa na mapromota, ndio hao mnaohangaika nao leo.

Kuhusu BASATA, wanaowaambia mwende huko hawadanganyi, ila wanachanganya vitu. Baraza la Sanaa la Taifa, kwa sheria ya mwaka 1984, linasajili wasanii na vikundi, linatoa vibali na linakuza sanaa. Usajili huo mnauhitaji ili mfanye kazi kihalali. Haumlazimishi mwenye ukumbi kukaa nanyi kujadili malipo. COSOTA nayo, ofisi ya hakimiliki iliyotokana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inahusu kazi iliyokwisha tungwa au kurekodiwa. Mfumo wa aina hiyo ulianzia Paris mwaka 1847, pale watunzi watatu walipokataa kulipa bili ya mkahawa kwa hoja kwamba mkahawa unapiga nyimbo zao bila kuwalipa. Mahakama ikawaunga mkono, na mwaka 1851 ikaundwa SACEM, mama wa vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya kutumia kazi ya mtu. Mirabaha ni ya mtunzi na mwenye rekodi. Mpiga besi anayepiga nyimbo za wengine pale baa siku za wikiendi hatapata nauli kutoka huko. Jasho la usiku ule linadaiwa kwa sheria ya kazi.

Na sheria ya kazi haisemi popote kwamba msanii si mfanyakazi. Soma Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, saa zake zinapangwa na huyo, ni sehemu ya shughuli yake, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, anamfanyia yeye tu, au amemfanyia kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Haijalishi mkataba umeitwa jina gani.

Hebu tupige hesabu. Bendi inayopiga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, saa tatu usiku hadi saa nane, ni saa 15 kwa wiki, 60 kwa wiki nne. Imepita. Bendi ya siku mbili ina saa 40, haijafika, lakini mkifanya mazoezi ya saa tatu kila Jumatano kwa amri ya mwenye ukumbi mnafika 52. Na kama ngoma, spika na miksa ni vya mwenye baa, hilo la vitendea kazi lipo tayari hata bila kuhesabu saa. Ulaya nako swali hili limefika mahakamani: mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la wapigaji wa akiba wa okestra za Uholanzi, ilikubali kwamba anayeitwa "mtu wa kujitegemea" lakini hali yake ni ya mwajiriwa anaweza kulindwa na makubaliano ya pamoja ya chama.

Harusi ni mambo mengine. Baba wa bibi harusi ni mteja wenu, ninyi ni wauza huduma. Chama cha wafanyakazi hakina la kujadiliana naye. Na hapa muwe waangalifu: watoa huduma huru wakikubaliana bei moja wanaweza kugongana na sheria ya ushindani, ambayo kwetu ni ya mwaka 2003. Waigizaji wa Ireland waliokuwa wakirekodi sauti za matangazo walizuiwa mwaka 2004 kwa sababu hiyo, na ilichukua hadi 2017 bunge lao kubadilisha sheria. Kwa harusi andaeni mkataba wa mfano ambao kila kikundi kinajaza bei yake, lakini vipengele ni vile vile: malipo ya awali kabla ya siku yenyewe, saa ngapi zinahesabiwa, nyongeza kwa kila nusu saa inayozidi, nani analipa gari la vyombo, chakula, na kiasi kinachobaki kwenu shughuli ikiahirishwa ndani ya siku saba.

Mnaanzia wapi? Miezi mitatu ya kwanza msiitishe uchaguzi wowote. Nunueni daftari moja kwa kila ukumbi. Kila usiku andikeni tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, majina ya waliopiga, saa za mazoezi ya wiki hiyo, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholipwa, na jina la aliyelipa. Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe; pigeni picha ya skrini na mtume kwa mtu mmoja anayetunza. Mwenye baa akilipa taslimu, mmoja wenu amtumie ujumbe wa heshima usiku ule ule: "Bosi, tumepokea 120,000 ya leo Ijumaa, watu sita, ahsante." Hapo mna ushahidi ambao yeye mwenyewe hakuukataa. Madai mengi ya wasanii huanguka kwa kukosa karatasi, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, haiwezi kuhukumu kwa kumbukumbu za kichwani.

Baada ya hapo orodhesheni kumbi zote na idadi ya mnaofanya kazi kila mahali. Msishangae mkikuta watu 30 wametawanyika kwenye kumbi tisa. Chagueni mbili au tatu ambazo mko wengi. Chama hutambuliwa na mwajiri kikiwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi linalojadiliwa, kwa hiyo wanachama watano kati ya sita mahali pamoja wana nguvu kuliko ishirini waliotapakaa.

Kisha muamue kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kujiunga na chama kilichopo. CHODAWU kina wafanyakazi wa mahoteli. Ombeni katiba yao, someni ibara ya uanachama, muulize kama mwanabendi wa hotelini anaingia. Wahudumu wa baa mnayopigia huenda ni wanachama tayari, na mkumbuke mafundi wa jukwaa wa 1919. Mimi ningejaribu njia hii kwanza, kwa sababu kuendesha chama kizima kwa ada za watu thelathini ni mzigo.

Ya pili ni kusajili chama chenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inataka mkutano wa kuanzisha wenye wafanyakazi wasiopungua 20, katiba inayokidhi masharti, jina lisilofanana na la chama kingine, anuani ndani ya nchi, na maombi kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi na waajiri ndani ya miezi sita. Fomu huambatana na nakala zilizothibitishwa za katiba, za orodha ya mahudhurio na za muhtasari wa mkutano. Hapo ndipo vikundi vingi hukwama: orodha ina majina bila saini, au ina watu 19 kwa sababu wawili waliondoka kabla ya kura, au muhtasari hauonyeshi kwamba katiba ilipitishwa siku hiyo. Alikeni watu 35. Kila mmoja aandike jina kamili, mahali anapofanya kazi na asaini kabla ya kuketi. Muhtasari uandikwe na kusainiwa kabla watu hawajatawanyika.

Ada ya mwezi inayokatwa kwenye mshahara inafaa mahali penye mshahara. Ninyi mnalipwa kwa usiku, hivyo fanyeni kama AFM inavyofanya siku nyingi: asilimia ndogo ya kila kazi. Asilimia 2 ya 30,000 ni shilingi 600. Itumwe kwa namba moja ya simu iliyosajiliwa kwa jina la chama, na hesabu zibandikwe kila mwezi kwenye kundi lenu la WhatsApp.

Kuhusu mgomo, msikurupuke. Mgogoro wa kutaka malipo bora lazima kwanza upelekwe CMA kwa usuluhishi, siku 30 zipite bila suluhu, wanachama wapige kura, na mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mkizima spika katikati ya Jumamosi mnampa sababu ya kuwafukuza. Dai la kuachishwa kazi isivyo halali nalo lina muda wake: siku 30 tu tangu kuachishwa, na anayedai awe amefanya kazi angalau miezi sita. Madai mengine yana siku 60. Watu wengi hufika CMA wakiwa na haki yao kamili na muda umeshapita.

Jambo la mwisho ni gumu kulisema kwenye kikao, kwa hiyo lisemwe hapa. Chama lazima kiwe huru na mwajiri yeyote. Kama katika watu wenu thelathini yumo kiongozi wa bendi anayemiliki gitaa, ngoma na miksa, anayepokea fedha kwa mwenye ukumbi, anachukua fungu lake kwanza na kuwagawia wengine kinachobaki, huyo kwa macho ya sheria anaweza kuwa ndiye mwajiri wenu. Anaweza kuwa ndugu, na pengine ndiye aliyewafundisha kazi. Asiwe mwenyekiti, asishike fedha, na jina lake lisihesabiwe katika wale ishirini. Kaeni naye mapema, mmweleze kwa heshima, na mumwombe awe wa kwanza kusaini karatasi inayoonyesha fungu la kila mtu kwa kila onyesho.